Wakili wa Bi Somoe

Sogeeni niwape, atakayesinzia, shauri yake.

Paliondokea zimwi lililomeza sauti za wagonjwa, kisha likadai mali zao. Lakini halikuweza kuchukua kitu mpaka mwenyewe akubali, au wakili wake. Bi Somoe alipoanza kuugua, akawaita watatu, mmoja mmoja. "Likitaka kisima changu ili nipone, utajibuje?"

Mwanawe mkubwa akasema, "Nitakubali, mama. Uhai kwanza."

Mdogo akasema, "Nitakataa. Kisima ni urithi wetu."

Mize, mke mwenza aliyegombana naye tangu ujana, akasema, "Mimi ningekubali. Wewe ungekataa, maana kijiji kizima kinachota hapo."

Somoe akaenda kwa kadhi, akamweka Mize kuwa wakili wake.

Sauti ikamezwa. Zimwi likauliza, "Nipewe kisima apone?"

"Hataki."

Likauliza tena.

"Hataki."

Mara ya tatu Mize alikuwa analia. "Hataki."

Mwenyewe asipotoa idhini, sauti yake haikai tumboni mwa zimwi. Zimwi likaitapika, likaenda zake.

Somoe akafumbua macho. "Mize, umeunguza uji tena."

"Ungepika mwenyewe," akajibu Mize, akimfuta jasho.

Hadithi yangu imeisha. Ugomvi wao bado.