Leseni ya Daktari Mwanakheri

Mwanakheri Shekue alitibu watu Tanga miaka kumi na minne, lakini ughaibuni alikomfuata mumewe hakuhesabiwa daktari. Bwana Holmberg, mwenyekiti wa baraza la leseni, alikuwa akimkatalia kwa mara ya nne, huku kwikwi iliyomshika tangu asubuhi ikimkatiza maneno.

"Bibi, nionyeshe mgonjwa mmoja uliyemponya katika nchi hii, nami nitatia saini."

"Na nikimgusa mgonjwa bila leseni?"

"Utafungwa. Ukimpa dawa, vilevile."

Mwanakheri akakusanya vyeti vyake taratibu. Alipofika mlangoni akageuka, akakitazama cheti kilichotundikwa ukutani nyuma ya mwenyekiti.

"Samahani, Bwana. Mbona jina lililo kwenye cheti kile si lako?"

Holmberg aliruka, kiti kikaanguka. Akavaa miwani, akasoma herufi moja moja. Jina lilikuwa lake.

"Umenidanganya," akafoka.

"Ndiyo, lakini sijakugusa, wala sijakupa dawa. Kwetu mwenye kwikwi hushtuliwa tu. Yako iko wapi?"

Mwenyekiti akangoja. Akangoja tena. Kisha akainua kiti chake, akaketi.

"Lete fomu, Daktari."