Tusekile na Zimwi la Baridi

Sogeeni motoni, wanangu, mnisikilize. Huko milimani kwenye sakitu, umande unaoganda kwa baridi, Tusekile alimuuguza mama yake, mzaliwa wa bondeni kwenye joto. Mama alikataa kila chakula.

"Chungwa tu, mwanangu," alisema.

Tusekile akapanda mche wa mchungwa. Zimwi la Baridi likaja, likautafuna. Akapanda wa pili, likautafuna.

"Mbona wanitesa, ewe Zimwi?" akalia.

"Mti wako ni mtamu hadi mizizini!" likacheka.

Basi mara ya tatu akachukua kitawi cha mchungwa, akakipandikiza juu ya shina la mlimau mwitu, mchungu, wenye miiba. Zimwi likaja, likang'ata shina. Miiba ikalichoma, uchungu ukalijaa kinywani, likaangua kilio. Machozi yake yakalowesha mizizi, na mti ukazaa papo hapo.

Mama akala chungwa, akaketi, akaomba uji.

"Nani analia huko nje?"

"Ni Zimwi, mama."

"Lipelekee moja. Huenda ni njaa tu."

Zimwi likamenya, likala. Tangu hapo, likipita kwenye michungwa, hupumua taratibu.