Ndege ya Hoyt Juu ya Uwanja

Katika mji wa Ransom Bluff, jimbo la Arkansas, mwaka una majira mawili tu: majira ya mpira na majira ya kuusubiri mpira. Mashamba ya mpunga na pamba yameuzunguka mji pande zote, na katikati kimesimama chuo kidogo cha matofali mekundu chenye uwanja unaoingiza watu wengi kuliko wakazi wa mji wenyewe. Jumamosi ambayo timu ya chuo hicho, Korongo wa Ransom Bluff, inacheza nyumbani, hata maziko husogezwa hadi Jumapili. Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ambamo watu hukumbana kama mafahali wakigombea yadi chache za nyasi. Nadine Crabtree alizaliwa mjini humo, akaolewa humo, na kwa miaka thelathini na mitano alikuwa akimsikiliza mumewe Hoyt akiuzungumzia mpira huo asubuhi, mchana na jioni. Masikio yake yalikuwa yamechoka kuliko miguu yake.

Mwaka ule, hata hivyo, alikuwa na sababu ya kuvumilia. Binti yao wa pekee, Leanna, alikuwa ameolewa na Wade Kilgore, kocha msaidizi, na maisha ya kocha msaidizi hayana tofauti na ya mfugaji wa kuhamahama. Katika miaka kumi na moja walikuwa wamehama miji sita. Wajukuu wake wawili, Josie na mdogo wake June, Nadine aliwajua kwa simu zaidi kuliko kwa kuwapakata. Kisha Marvin Stroud, kocha mkuu wa Korongo, akamwajiri Wade awafundishe walinzi wa timu, na familia ikapanga nyumba mitaa miwili tu kutoka kwa Nadine. Kila asubuhi ya shule Josie, msichana wa miaka sita mwenye pengo la meno mawili, alikula mayai kwenye meza ya bibi yake. Nadine alisema waziwazi kwamba hakuwa na la kumwomba Mungu tena, isipokuwa amwachie hilo.

Tatizo lilikuwa kwamba mji ulikuwa umemchoka Stroud. Kwa miaka minane mzee huyo alishinda mechi sita na kupoteza tano, mwaka baada ya mwaka, hapandi wala hashuki. Hakufoka, hakutupa kofia chini, hakugombana na waamuzi. Watu wangemsamehe kushindwa, lakini hawakuweza kumsamehe utulivu wake.

Msimu ulipofika katikati, Korongo walifungwa na watani wao wa jadi, Dunmore. Jumamosi iliyofuata, muda wa saa tatu kabla ya mechi, mashabiki walikuwa kwenye maegesho ya uwanja kama kawaida yao, majiko yakifuka moshi nyuma ya pikapu, mbavu za nguruwe zikichuruzika mafuta. Hakuna aliyezungumzia mechi ya siku hiyo.

"Yadi moja!" Hoyt alifoka, koleo la kugeuzia nyama likiwa mkononi kama rungu. "Jaribio la nne, la mwisho, yadi moja tu imebaki, dakika mbili mkononi, na yule mzee anaamuru mpira upigwe teke, Dunmore warudishiwe! Mke wangu na viatu vyake vya kanisani angeipata yadi hiyo!"

"Viatu vyangu usivitie humo," Nadine alisema.

"Stroud ni mtu mwema," alidakia Buddy Lassiter, muuza matrekta na mfadhili wa timu, ambaye jina lake liliandikwa kwa herufi kubwa chini ya ubao wa matokeo. "Hata shemeji yangu ni mtu mwema. Lakini simkabidhi timu."

Otis Yarbrough, mpeleka barua mstaafu, aliweka kikombe chake chini. "Kabla ya Stroud tulishinda mechi ngapi? Mbili! Mwaka ule nilikuwa nakuja uwanjani na kitabu cha kusoma. Nyie mmesahau."

"Otis, wewe hata ukipewa uji uliopoa unasema asante."

"Ndiyo, kwa sababu niliwahi kulala njaa."

Watu walicheka, lakini Hoyt hakucheka. Nadine alimtazama akiichoma ile nyama kwa hasira mpaka ikawa nyeusi, akaona bora aseme lililokuwa likimkereketa kooni wiki nzima. "Na Wade je? Kocha mkuu akiondoka, wasaidizi wote hufungashwa virago pamoja naye. Hapa hakuna asiyelijua hilo."

"Nadine, nawe!" Hoyt alipumua kwa nguvu, kama mtu anayemweleza mtoto jambo kwa mara ya kumi. "Kila kocha mpya hubakiza mmoja. Ndiyo desturi. Lazima awe na mtu anayewafahamu makocha wa shule za huku, anayejua kijana gani ana mbio na kijana gani ana nguvu. Mtu huyo ni Wade. Buddy ameshanihakikishia."

"Neno langu hilo," alisema Buddy, mdomo umejaa ubavu.

"Ulimpa kaka yangu neno lako kuhusu ile trekta, Buddy," Nadine alimjibu. "Mpaka leo wanaisukuma."

Jumatano, Hoyt aliingia jikoni na furushi la kitambaa cheupe na herufi nyekundu, kila moja ndefu kama mtu mzima. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kurusha ndege ndogo ya njano ya kunyunyizia dawa mashambani, na ingawa alikuwa amestaafu, ndege ilikuwa bado yake. Akaeleza mpango wake huku macho yakimng'aa: angepita juu ya uwanja kabla tu ya mechi kuanza, akiburuta tangazo linaloonekana mji mzima. Alichohitaji ni mtu mwenye cherehani.

Alizitandaza herufi sakafuni, na Nadine akasoma: STROUD AENDE.

"Shona mwenyewe," alisema. "Mimi sishoni sanda ya kazi ya mkwe wangu."

"Unakuza mambo."

"Hoyt, una kichwa kigumu kama jiwe. Mtoto wetu amerudi nyumbani. Hukuwahi kulia ulipokuwa ukiwasindikiza kila Krismasi? Au ni mimi peke yangu niliyekuona?"

Hoyt alikusanya herufi zake, akatoka. Alishinda siku mbili ghalani na gundi na kamba, na herufi zikakaa upande kama meno mabovu.

Jioni ya Jumatano ileile Wade alikuja kuwachukua watoto. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, na alikuwa ameshasikia habari ya tangazo; katika mji ule hata kikohozi kilikuwa habari. "Bi Nadine, tafadhali usimwambie mzee Hoyt lolote kwa ajili yangu," alisema akimfunga June viatu. "Nikimwomba aache, atasema natetea mkate wangu. Na kweli ninautetea. Leanna amechimba bustani nyuma ya nyumba. Tangu tuoane hajawahi kuchimba bustani."

Nadine akaenda kumtafutia Josie koti lake.

Jumamosi jua liliwaka na uwanja ukajaa. Wachezaji walikuwa wamepanga mistari, bendi imenyamaza, ndipo mngurumo ukasikika kutoka upande wa mashamba. Ndege ya njano ilitokea juu ya paa la maktaba, ikaukata uwanja polepole, mkia wake umebeba yale maneno yaliyopinda. Umati ulilipuka. Watu wazima walirukaruka, kofia zikarushwa, na katikati ya kelele zile Josie akasimama juu ya kiti na kupiga kelele kwa furaha yake yote:

"Ndege ya babu! Mama, tazama, ile ni ndege ya babu!"

Safu nzima iligeuka kuwatazama. Leanna alijifunika uso kwa viganja. Kule chini kando ya mstari, Wade aliinua kichwa, akaitazama ndege kwa kitambo kidogo, kisha akarudisha macho kwenye karatasi zake. Stroud alimsogelea, akamwekea mkono begani, akaendelea kuwapanga vijana wake kana kwamba aliyepita angani ni kunguru.

"Nadine, nikuletee maji?" Otis alimnong'oneza.

"Niletee bunduki," alisema Nadine.

Alimsubiri mumewe mlangoni. Hoyt aliingia akipiga mluzi, uso umemwiva kwa upepo na sifa. Nadine hakumpa hata nafasi ya kuvua koti. "Ulimwona Wade?"

"Ukiwa kule juu watu wote ni sisimizi," Hoyt alijibu.

Usiku ule Nadine alilala chumba cha watoto.

Korongo walipoteza mechi ile na iliyofuata. Jumapili chuo kikatangaza kwamba Marvin Stroud ameachishwa kazi. Kwa wiki mbili Hoyt hakulipia chai wala kipande cha mkate mtamu popote mjini. Watu walimpiga mgongoni, wakamwita rubani, na picha ya ndege yake ikabandikwa kwenye ukuta wa mgahawa. Nadine alipita mbele ya ukuta ule akitazama viatu vyake.

Kocha mpya aliitwa Preston Gage, kijana wa miaka thelathini na minane aliyetoka magharibi, mwenye meno meupe na maneno ya haraka. Chuo kilimwandalia chakula cha mchana cha kumkaribisha. Hoyt alivaa suti yake ya kanisani, akamshika Nadine mkono, akapenya kati ya watu mpaka akamfikia mgeni.

"Kumbe wewe ndiye mwenye ndege!" Gage alisema alipotajiwa jina. "Ile video niliitazama mara nne kabla sijatia saini."

Hoyt alivimba kama andazi kwenye mafuta. "Ndiyo mimi, kocha. Na nina jambo dogo. Mkwe wangu, Wade Kilgore. Anawajua makocha wa shule zote za huku. Tumesikia huwa mnabakiza mmoja."

"Ni kweli, na ni kocha mzuri sana. Nimewauliza watu. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha yangu."

"Lilikuwa?" aliuliza Nadine.

Gage alimgeukia, na tabasamu lake likapungua. "Bibi, nitakuwa mkweli. Mimi nami kuna siku nitapoteza mechi tatu mfululizo. Hakuna kocha asiyepoteza. Siku hiyo siwezi kuwa na msaidizi ambaye baba mkwe wake ana ndege, na ameshaona jinsi inavyofanya kazi. Wachezaji watamtazama yeye au watanitazama mimi? Nimemwambia asubuhi hii. Ameipokea kiungwana. Samahani sana."

Hoyt aligeuka kumtafuta Buddy Lassiter, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka pale. Buddy alikuwa ameinamia sahani yake ya saladi ya viazi kana kwamba ameangusha pete humo.

"Buddy," Hoyt alimwita. "Ulinipa neno lako."

"Kocha ndiye mwenye timu, Hoyt," Buddy alisema bila kuinua kichwa. "Mimi ni shabiki tu."

Wade alipata kazi Dakota ya Kaskazini, mwendo wa siku mbili kwa gari, kwenye chuo ambacho Nadine ilibidi akitafute kwenye ramani. Waliondoka Januari, mvua ya baridi ikinyesha. Majirani walisaidia kupakia makochi na vitanda kwenye lori. Josie alimuuliza bibi yake nani atampikia mayai huko waendako, na Nadine akamwambia mama yako, mpenzi wangu, mama yako anajua, kisha akaingia ndani kwa kisingizio cha kuangalia kama wamesahau kitu.

Hoyt alisimama kando ya lori, kofia mkononi, maji yakimtiririka kwenye upara. Wade alimpa mkono. "Kwaheri, mzee. Jitunzeni," alisema, na hakuongeza neno. Lakini Leanna hakumkumbatia baba yake. Alisimama mbele yake, matope ya bustani yake yakiwa bado kwenye buti.

"Miaka kumi na moja nimefukuzwa na watu nisiowajua, baba," alisema. "Nilizoea. Niliwaambia wasichana kwamba watu wa mpira ndivyo walivyo, hawatujui, hawana ubaya na sisi. Safari hii niwaambie nini?"

Leanna alipanda gari, akafunga mlango, wakaondoka.

Mchana ule mume na mke waliketi mezani. Nadine alikuwa amepasha moto supu ya kuku, na hakuna aliyeigusa.

"Stroud yuko wapi siku hizi?" Hoyt aliuliza hatimaye.

"Tennessee. Otis anasema amepata shule ndogo ya kufundisha, jirani na kwa binti yake. Kila asubuhi anawapeleka wajukuu wake shuleni."

Hoyt alisukuma bakuli mbele. "Nilitaka aende yule mzee, Nadine," alisema. "Yeye tu. Sikutaka mwingine."

Nadine alikuwa na maneno ya kumwambia ya kutosha mpaka msimu ujao, na mengine ya akiba. Alikuwa ameyapanga tangu siku ya ndege, na hasira yake ilikuwa haijapoa hata kidogo. Lakini alimwona mumewe amejikunja pale kitini kama gunia lililomwagwa, akajua kwamba kumkaripia hakungempunguzia yeye mwenyewe chochote. Hakuipanda ndege ile wala hakuishonea hata herufi moja. Alisema, alionya, alikasirika, na bado alikuwa ameketi meza moja na Hoyt, akiukabili uchungu uleule, huku binti yao na watoto wake wakiumeza njiani kwenda kwenye theluji. Wahenga hawakukosea: mchuma janga hula na wa kwao.