Mwito wa Bi Kishungi

Paukwa, wadogo kwa wakubwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, niwape habari za mbwa mwitu.

Hapo kale, nyasi zikiwa ndefu na binadamu wachache, kulikuwa na kundi la mbwa mwitu. Mkubwa wao aliitwa Makeke. Mkewe alikufa, akamwachia watoto watano. Wakafunzwa na shangazi yao, Bi Kishungi, ambaye mguu wake mmoja ulivunjwa na teke la pundamilia.

Bi Kishungi alifunza kwa mchezo. Anajificha nyasini, anaita: huu, huu. Watoto wanakuja mbio, pu pu pu, wanamrukia, wanamwangusha. Anawalamba, anawapa kinofu cha nyama, anajificha tena. Jua likiwaka, anacheza. Mguu ukimuuma, anacheza. Jioni anajitenga, anaulamba ule mguu, hamwambii mtu. Kidoa, mdogo wa wote, humfuata hukohuko, akalala shingoni mwake.

Makeke hakupenda. Akasema dada yake anawadekeza watoto, na kwamba mwindaji hafunzwi kwa kugaragara. Akawachukua awafunze mwenyewe. Bi Kishungi akamwomba jambo moja tu.

"Kaka, mtoto akija ulipomwita, usimuume. Hata kama amekosa."

Makeke akaenda nao.

Akaita: huu, huu. Watoto wakaja mbio, wakidhani ni mchezo. Aliyechelewa akaumwa. Aliyerukaruka akaumwa. Kesho yake wakaja polepole. Keshokutwa wakaja wakitambaa, mikia wameibana miguuni. Makeke akajisifu kuwa sasa wana adabu.

Hata siku moja watoto wanakunywa maji kijitoni, simba akatokea majanini. Makeke alikuwa juu ya kichuguu, akamwona. Akaita: huu, huu. Watoto wakainua vichwa, wakamtazama baba yao. Hawakujua wamekosa nini. Wakalala chini, wakangoja kuumwa. Akaita kwa nguvu zaidi. Wakazidi kujibana chini.

Bi Kishungi akasikia. Akaja kwa miguu yake mitatu. Akajitupa nyasini, akagaragara kana kwamba hakuna simba, akaita kwa sauti ileile ya mchezo. Huu, huu. Watoto wanne wakaruka, wakamkimbilia. Kidoa akasimama. Akamtazama shangazi. Akamtazama baba. Simba akamfikia.

Jua lilipotua Makeke alikuwa bado kijitoni.

"Nilimwita," akasema. "Aliniangalia, hakuja."

"Alikuogopa, kaka."

Bi Kishungi alilia hadi sauti ikamkauka.

Asubuhi alijificha tena nyasini, akaita kwa sauti hiyo iliyokauka. Hakuna aliyekuja. Akaita, akaita, mpaka mmoja akaja kumnusa, na wenzake wakafuata. Ndipo Makeke akasogea. Watoto wakakimbilia nyuma ya shangazi yao. Makeke akalala chali mavumbini, tumbo wazi, kama mbwa aliyeshindwa. Akangoja. Vumbi likamjaa manyoyani. Hawakuja.

Basi jueni, nyote mnaofunza: ukimfunza mtoto kwa kumtisha, atakutii siku ya raha, na siku ya hatari atakuogopa wewe kuliko hatari yenyewe. Mfunze kwa subira, cheza naye hata ukiwa umechoka, ili ukimwita aje.

Hadithi yangu imekomea hapo kijitoni, nami nanyamaza.