Seva Iliyoungua Singida

Soma hadi mwisho, halafu mtumie fundi wako wa kompyuta, hasa yule anayependa kusema "nitaandika baadaye."

Ofisi moja Singida ilikuwa na mfumo wa kutafuta gari la wagonjwa lililo karibu zaidi na mama mjamzito. Mfumo ulikuwa mzuri, ila mzito. Ukiuuliza gari liko wapi, unafikiri mpaka mama wa watu anajifungulia kwenye kochi.

Lukumay, fundi mwenye mkono mwepesi, akaingia moja kwa moja kwenye seva, ile kompyuta kuu inayoendesha mfumo. Akaiwashia kanzidata, ghala la taarifa zote, nyongeza ya kuelewa ramani, akaitengenezea na faharasa, yaani orodha ya kupata haraka mahali magari yalipo, na chai yake ilikuwa bado ya moto. Sasa jibu likawa linakuja papo hapo. Bi. Sikudhani, mkuu wa ofisi, akampigia makofi mbele ya wote. Alistahili, tusimnyime haki yake.

Fundi mwenzake, Nasra, akamfuata mezani.

"Kaka, ulichofanya hakimo kwenye mafaili ya mradi. Kimo kwenye seva tu."

"Si kinafanya kazi?"

"Leo kinafanya. Mali bila daftari hupotea bila habari."

"Basi andika wewe, dada yangu. Mimi nitengeneze, wewe utunge insha."

Ofisi nzima ikacheka.

Nasra akaandika. Kila alichofanya Lukumay akakigeuza faili la maagizo ambalo mfumo unaweza kulisoma na kulitekeleza wenyewe. Jaribio la kwanza likagoma, kwa sababu alitanguliza faharasa kabla ya nyongeza ya ramani, na faharasa ile haisimami bila nyongeza hiyo. Wakacheka tena. Akapanga upya, akajaribu, ikakubali, akaenda zake kula.

Miezi ikapita. Asubuhi moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, seva ikaungua. Taarifa zilikuwa zimehifadhiwa kwingine, lakini seva mpya ilikuwa tupu kabisa, haijui ramani wala faharasa.

Lukumay akakaa kuijenga upya. Simu yake ikaita. Alikuwa mama mkwe wake.

"Mkwe wangu, mkeo Naishiye ameshikwa na uchungu, na damu inatoka. Gari liko wapi?"

Vidole vikakaa juu ya kibodi bila kugusa kitu.

"Sikumbuki nilichoandika," akasema. Usimcheke. Mkeo akiwa katika hali ile, hata jina lako utalisahau.

Nasra hakumsuta. Akavuta kiti, akaandika amri moja tu. Maagizo yakaanza kujitekeleza kwa zamu: nyongeza ya ramani, majedwali ya kuwekea taarifa, kisha faharasa. Taarifa zikarudishwa, ramani ikafunguka.

"Lipo Mandewa!" Bi. Sikudhani akapaza sauti, simu ya dereva ikiwa sikioni. "Limeshageuza, linaelekea kwake!"

Kabla ya adhuhuri habari ikafika: mtoto wa kike, na mama yake mzima. Ofisi ikalipuka kwa vigelegele. Lukumay akalia waziwazi, bila aibu.

"Dada, umeniokolea nyumba yangu."

"Faharasa ilikuwa yako, kaka. Mimi niliiandikia tu njia ya kurudi."

Mtoto akaitwa Nasra. Na baba yake siku hizi haigusi seva kabla hajaandika.

Funzo: Kazi nzuri inayokaa kichwani mwako peke yake bado hujaimaliza. Iandike, tena kwa mpangilio wake, maana siku itakapotafutwa, huenda anayeihitaji ni wewe.