Bibi Aliyekataa Kutangulia Mezani

Wapendwa, leo tumwangalie bibi mmoja wa usharika wa huko milimani, jina lake Ndeshukurwa. Alifikisha miaka sitini na tisa hajawahi kushiriki Chakula cha Bwana. Si kwamba alikuwa ametengwa na kanisa, la. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, katikati ya mafundisho ya kipaimara, ambayo bila kuyamaliza mtu haruhusiwi mezani, mama yake alifariki na kumwachia wadogo wanne. Darasa likaishia hapo. Akalea, akaolewa, akazaa, na kila mwaka aibu ikazidi. Jumapili za Meza ya Bwana alisimama tu kuwapisha wenzake, kisha akaketi peke yake. Mnajua kulivyo kubaki peke yako kwenye benchi refu, kanisa zima likikutazama?

Siku moja akasema yatosha. Akaenda kujiandikisha pamoja na watoto wa shule.

"Bibi, utaweza kweli kukariri?" mwinjilisti alimwuliza.

"Kukariri nitaweza. Kusoma ndiko sijui."

Wa kumsomea akawa mjukuu wake, Aikande, aliyekuwa na miaka minane. Kila jioni, wakichambua maharage, mtoto anasoma Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho, bibi anarudia. Amri Kumi zilimsumbua mno. Ya saba aliitaja kabla ya ya tano, wakaanza upya. Miaka miwili hivyo. Hakukosa darasa hata siku moja, mvua inyeshe isinyeshe.

Ikafika siku ya kuulizwa maswali mbele ya wazee wa kanisa. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akamwuliza, "Kwa nini unataka kuja mezani?"

"Nina dhambi, mwalimu. Nimezibeba miaka mingi na sizimudu."

Wakaridhika. Wakamwuliza nani kamfundisha, akamwonyesha Aikande, aliyekaa nyuma akimsubiri. Mwalimu akamwita mtoto, akamwuliza naye kwa nini anataka kuja mezani, kwa utani tu. Mtoto hakutania.

"Jana nilivunja chungu nikamsingizia mdogo wangu, akachapwa yeye. Nataka Yesu anisamehe. Na mimi nataka kula."

Mwalimu akatabasamu. "Vizuri sana. Ukifikisha miaka kumi na minne, utakuja."

 Alichokitamani Bibi Ndeshukurwa maisha yake yote alikuwa ameshakipata. Angenyamaza tu, Jumapili angepiga magoti. Lakini alimtazama yule mtoto, akashindwa.

"Mwalimu, dhambi zake nazo zitangoja afikishe kumi na minne?"

Mwalimu akainamia daftari la majina.

"Basi futeni jina langu. Nitakuja naye, miaka minne ijayo."

"Mama, una miaka sabini na moja," mwalimu alisema kwa upole. "Ukifa je?"

"Na yeye akifa je?"

Mwalimu yule, wapendwa, alikuwa amewahi kuzika binti yake wa miaka tisa. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.  Baraza la wazee likakaa mara tatu juu ya jambo hilo, na mwalimu ndiye aliyemtetea mtoto mpaka mwisho. Wakakubaliana: kipaimara kibaki kwa umri wake, ila mtoto aliyefundishwa, anayejua anaomba nini na kwa nini, asizuiwe mezani. Jumapili ya Pasaka bibi na mjukuu wakapiga magoti bega kwa bega.

Sasa na sisi je? Tumehesabu miaka ya watoto wetu kwa vidole, wakati njaa yao hatujaiuliza hata mara moja. Na wakubwa walioona haya kurudi tumewaacha wakae. Nani alituweka mlangoni tuzuie watu, sisi ambao wenyewe tumeingia kwa kuhurumiwa? Tusiseme tutafikiria. Wazazi, anzeni leo kufundisha nyumbani. Wazee, fungueni daftari. Jumatatu saa kumi jioni darasa linaanza hapa kanisani, na mwenye miaka tisa atakaa pamoja na mwenye miaka tisini.