Sharubati ya Bi Mashavu

Tulieni, kusanyiko la Bwana. Mwenye masikio na asikie.

Diwani Ngwembe alifika soko la Mabanzi, mahali pasipo choo, akawaamuru akina mama wamsifu mbele ya wageni wake kwenye sherehe ya soko, la sivyo meza zao zingeng'olewa. Bi Mashavu, muuza sharubati, akainama kwa adabu.

"Tutakutukuza kama Sulemani, mheshimiwa. Ila choo ulichotuahidi?"

"Uvumilivu ni tunda la Roho, mama. Jizuieni."

"Amina, baba."

Siku ya sherehe Bi Mashavu akamketisha diwani mbele, akamjazia bilauri ya ukwaju. Diwani akanywa, akajaziwa tena na tena, maana mgeni rasmi hakatai kinywaji cha wenyeji. Kisha Bi Mashavu akasimama kuomba, wala hakumruka nabii hata mmoja. Alipofika kwa Yeremia, diwani alikuwa amebana magoti, jasho likimtiririka, kwani mgeni rasmi hanyanyuki kabla ya amina.

"Mama," akanong'ona, "malizia! Niende wapi?"

"Uvumilivu ni tunda la Roho, baba. Jizuie."

"Nitawajengea! Wiki hii hii!"

"Watangazie wageni."

Akatwaa kipaza sauti, akatangaza hali amejipinda. Ndipo Bi Mashavu akasema amina, akamkabidhi ufunguo wa choo cha nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara.

"Kimbia, baba. Ukwaju huo ndio tunaowapa watoto waliofunga choo."

Wiki ile msingi ukachimbwa.

Nawe uliyekabidhiwa haja za watu, usingoje tumbo lako likuhubirie. Geuka leo.